Keji ya shingo imeshuka milimita 3: je, walichonga mfupa kupita kiasi?

Swali: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, anauza ndizi na parachichi soko la Mbuyuni, Moshi. Miezi mitatu iliyopita alifanyiwa upasuaji wa shingo kupitia mbele, kati ya pingili ya 5 na ya 6, maana mkono wa kulia ulikuwa unawaka moto na kidole gumba kimekufa ganzi. Karatasi ya ruhusa inasema diski ilitolewa, mfupa ukachongwa nyuma na pembeni ili mshipa wa fahamu upate nafasi, kisha ikawekwa keji pamoja na pleti na skurubu. Mkono umepona kabisa. Lakini kwenye picha ya juzi tumeambiwa keji imezama milimita 3. Shemeji yangu anasema walichonga mfupa mwingi mno. Ni kweli? Inabidi arudi thieta? Mimi niko Sakina, Arusha, na usingizi sina."

Marahaba, mwanangu, na mpe mama pole. Keji ni kile kikalio kidogo kinachowekwa mahali pa diski, kishike nafasi mpaka pingili mbili ziungane. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Mgonjwa ambaye mkono umeacha kuwaka, vidole vina nguvu na miguu inatembea sawasawa, hata kama picha inaonyesha keji imeshuka milimita 3, kwa kawaida harudishwi thieta. Anafuatiliwa. Nitakueleza hapo chini ni dalili zipi zingenifanya niseme vingine.

Shemeji yako ana nusu ya ukweli. Mfupa uliotolewa unaweza kabisa kuchangia keji kushuka. Ila wingi wake haunisumbui kama mahali ulipotoka. Unaweza kutoa kipande kizuri tu cha mfupa sehemu moja na lisitokee lolote, halafu ukakwangua milimita 1 sehemu nyingine na keji ikazama kabla mgonjwa hajatolewa nyuzi.

Pingili kwa ndani ni mfupa laini wa matundumatundu, umejaa damu. Juu na chini imefunikwa na tabaka la mfupa mgumu, jembamba mno. Sehemu nyingi halifiki hata milimita 1. Nitaliita uso wa pingili. Juu ya uso huo kuna gegedu, ndiyo inayopakana na diski. Sasa daktari anapotoa diski anadaiwa mambo mawili yanayovutana. Gegedu lazima itoke yote, kwa sababu mfupa hauungi ukiwa na gegedu katikati. Uso wa mfupa lazima ubaki, kwa sababu ndio utakaobeba keji. Kati ya kutoa cha kwanza na kuharibu cha pili pana nafasi ndogo kuliko unene wa kucha.

Nikueleze inavyoonekana kwenye darubini. Diski ikishatoka, tunakwangua kwa kijiko kidogo chenye makali. Gegedu hutoka kwa vipande vyeupe, vinavyong'aa kidogo. Chini yake panatokea rangi ya maziwa yaliyochacha, pagumu, kijiko kinatoa mlio mkavu. Endelea taratibu na utaona vidoti vya damu vikichomoza kimoja kimoja. Hapo ndipo pa kusimama. Ukizidi, hasa ukiwa na keekee ya umeme badala ya kijiko, vidoti vinageuka kuwa eneo zima jekundu linalovuja, na mlio mkavu haupo tena. Maana yake uso umeshatoboka na sasa keji itakalia mfupa laini. Yeyote aliyewahi kupiga jeki ya gari kwenye tope la masika bila kuweka kipande cha ubao chini yake anajua kinachofuata: gari halipandi, jeki ndiyo inayoshuka. Uso wa pingili ndio ubao huo.

Majaribio ya maabara kwenye pingili za maiti yameonyesha hili waziwazi: uso ukiondolewa, nguvu inayohitajika kuizamisha keji inapungua sana. Yameonyesha pia kwamba uso wenyewe hauna nguvu sawa kila mahali. Katikati ni dhaifu, kingoni ni imara zaidi. Ndiyo maana keji ndogo iliyokaa katikati ina hatari kubwa ya kuzama kuliko keji pana inayofika kwenye kingo, hata kama mfupa haukuguswa.

Mvutano huu ni wa tangu upasuaji wenyewe ulipoanza. Mwaka 1958 Smith na Robinson wa Marekani walichapisha njia ya kuingia shingoni kupitia mbele, wakaweka kipande cha mfupa wa nyonga mahali pa diski. Vinundu vya mfupa vilivyoota nyuma hawakuvigusa. Waliamini pingili zikishaungana na kuacha kucheza, vinundu vitasinyaa vyenyewe. Mwaka huohuo Cloward, naye wa Marekani, akaja na njia yake: anatoboa tundu la duara kwa keekee katikati ya pingili mbili, anasafisha vinundu mpaka nyuma, kisha anaziba tundu kwa kizibo cha mfupa. Njia yake ilimpa nafasi nzuri ya kuufikia mshipa, lakini ilikata uso wa pingili zote mbili, na kusinyaa kwa kile kizibo na shingo kuinamia mbele ni malalamiko yaliyoifuata kwa miaka mingi. Leo karibu sote tunafanya mchanganyiko: uso tunautunza alivyoutunza Robinson, vinundu tunavitoa kwa jicho la Cloward.

Turudi kwa mama. Karatasi inasema walichonga "nyuma na pembeni". Hayo ni mambo mawili tofauti.

Nyuma ni vile vinundu vinavyoota kwenye ukingo wa pingili na kuusukuma ugwe wa mgongo au mshipa wa fahamu. Kuvitoa ni sehemu ya kawaida ya kazi. Tatizo linakuja pale keekee inapokula pia ukingo wa nyuma wa uso wenyewe, halafu keji ikasukumwa ndani mno hadi mkia wake ukakaa juu ya sehemu iliyochimbwa chini. Keji ya namna hiyo haishuki sawasawa, inalalia nyuma. Mbele nako hupunguzwa kidogo, kwa sababu mdomo wa chini wa pingili ya juu huwa umening'inia na unaziba njia. Huo nao ukikatwa sana, keji huzama kwa mbele na shingo inaanza kuinama. Kati ya hayo mawili, mimi naogopa zaidi la mbele.

Pembeni ndipo penye mjadala mkubwa. Pingili za shingo, kuanzia ya 3 hadi ya 7, zina vijipembe viwili vilivyoinuka kulia na kushoto juu ya uso wa juu, vikiikumbatia pingili iliyo juu yake. Mshipa wa fahamu unatoka kwenye tundu lake nyuma kidogo ya kijipembe hicho. Umri ukisogea, kijipembe huota nundu na kulibana tundu. Kwa mtu kama mama yako, ambaye kidole gumba kilikufa ganzi, mshipa uliobanwa ni ule wa 6, unaopita hapohapo. Kutoa diski peke yake wakati mwingine hakumsaidii mgonjwa wa aina hii. Lazima kijipembe kipunguzwe, na kipunguzwe kwa hadhari, maana milimita chache nje yake unapita mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kwenye ubongo.

Je, kukata kijipembe kunashusha keji? Keji yenyewe haikalii kijipembe, kwa hiyo ungetarajia jibu liwe hapana. Lakini kijipembe kinazuia pingili isiegemee upande na isiteleze, na kikiondoka chote kiungo kinacheza zaidi mpaka mfupa mpya uunge. Pia shina lake limeungana na kona ya nyuma ya uso wa pingili, na nimeshasema kingo ndiko kwenye nguvu. Anayekata kijipembe mpaka kwenye shina mara nyingi anaondoka na sehemu ya kona hiyo bila kukusudia. Baadhi ya tafiti zilizolinganisha wagonjwa waliokatwa kijipembe na wale ambao hawakukatwa ziliona keji zikishuka zaidi kwa waliokatwa, hasa waliokatwa kwa upana, ilhali maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili. Ndiyo maana wengi wetu tunakata nusu ya nyuma tu, ile inayobana mshipa, na kuacha iliyobaki.

Msimamo wangu katika hili ni mmoja, na najua wapo wenzangu wasioupenda: kama kijipembe ndicho kilichobana mshipa, nakikata hata nikijua keji inaweza kushuka kidogo. Mgonjwa alikuja kwa sababu ya mkono. Mtu mwenye picha nzuri ya kupendeza na mkono unaowaka vilevile hajatibiwa.

Kwa hiyo inawezekana uchongaji wa pembeni umechangia hizo milimita 3. Lakini kabla shemeji hajamtupia daktari lawama zote, yapo mengine ambayo kwa mwanamke wa miaka 61 nayatazama kwanza.

La kwanza ni mifupa yenyewe. Baada ya hedhi kukoma, mfupa wa mwanamke hupoteza madini kwa kasi, na uso wa pingili hauachwi. Pingili laini haihitaji kuchongwa vibaya ili keji izame. Muulize mama kama amewahi kuvunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka kidogo tu, au kama amepungua urefu. Muulize pia kama ametumia vidonge vya prednisolone kwa muda mrefu kwa ajili ya pumu au viungo. Kama aliwahi kupigwa CT scan ya shingo, picha hiyohiyo inaweza kupimwa ugumu wa mfupa bila kipimo kingine. Mwombe daktari wa mionzi asome namba hizo.

La pili ni kimo cha keji. Nyingi tunazoweka zina milimita 5 hadi 8. Daktari akitaka kulifungua tundu kwa nguvu, anaweka ndefu zaidi, pingili zinatanuliwa kupita zilivyozoea, na misuli inazirudisha kwa nguvu usiku na mchana. Keji ndefu mno inashuka hata juu ya uso mzima. Kwenye ripoti ya upasuaji kimo hicho huwa kimeandikwa. Kama diski za jirani zina milimita 5 na yeye kawekewa 8, umepata sababu.

Mengine nayapitia haraka. Keji ya titani ni ngumu mara nyingi zaidi ya mfupa, ile ya plastiki ngumu ya PEEK inakaribiana nao zaidi, ingawa umbo na upana vina uzito kuliko jina la kitu. Pingili nyingi zikiungwa kwa mpigo mmoja, hatari inaongezeka. Ikitolewa pingili nzima, si diski tu, hiyo ni habari nyingine na kushuka ni kwingi zaidi. Sigara na ugoro vinachelewesha mfupa kuunga. Kisukari kisichodhibitiwa vilevile.

Sasa hiyo "milimita 3" yenyewe. Nani kaipima, na kailinganisha na nini? Tafiti nyingi huhesabu keji kuwa imeshuka ikipoteza zaidi ya milimita 2, nyingine huanzia 3, kwa hiyo mama yuko kwenye ukingo wa tafsiri. Eksirei mbili zilizopigwa na mashine tofauti, au mgonjwa akiwa amesimama umbali tofauti na sahani ya picha, zinaweza kutofautiana ukubwa wa kutosha kuzalisha milimita 1 hewani. (Na tafadhali usimtumie daktari picha ya WhatsApp iliyopigwa ukutani kwa simu iliyoinama, ukategemea akupe vipimo. Nazipata kila wiki.)

Linganisha hivi. Chukua picha ya kwanza kabisa baada ya upasuaji, ile ya siku moja au mbili baadaye, na ya sasa. Zote ziwe za ubavuni. Pima kuanzia juu ya pingili ya 5 hadi chini ya pingili ya 6, kwa mbele na kwa nyuma. Kisha pima kitu kisichobadilika, kama urefu wa pleti, kwenye picha zote mbili. Kama pleti yenyewe "imefupika", tofauti ni ya mashine. Kama keji ni ya PEEK huioni kwenye eksirei. Utaona vidoti vidogo vya chuma vilivyowekwa makusudi kama alama, na kwa vidoti hivyo unajua imeingia pingili ya juu au ya chini. Ukiona vipimo vya mbele na nyuma vimepungua sawa, nafarijika. Ukiona mbele pamepungua sana kuliko nyuma, namtazama mgonjwa kwa karibu zaidi.

Tena kushuka si kitu cha ajabu. Keji nyingi hujikalisha kidogo, na sehemu kubwa ya kushuka hutokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo, mfupa mpya ukiwa bado haujashika. Baada ya hapo kasi hupungua. Kushuka kidogo hata huibana keji vizuri na mfupa. Ndiyo maana picha na mgonjwa mara nyingi havifanani: wapo walioshuka na wako shambani wanalima, na wapo ambao picha ni safi lakini wanalia na maumivu.

Madhara yanapokuja, huja kwa njia tatu. Tundu la mshipa linapungua kimo na maumivu ya mkono yanarudi. Hapa, cha kushangaza, kuchongwa kwa kijipembe kunamlinda mama, kwa sababu tundu lake lilishapanuliwa na lina akiba. Au shingo inainamia mbele na misuli ya nyuma inachoka kila jioni. Au pleti, ambayo haifupiki wakati pingili zinakaribiana, inasogea kuelekea diski ya jirani, au skurubu zinalegea. Tunapenda ncha ya pleti ibaki angalau milimita 5 mbali na diski hiyo, maana ikikaribia zaidi, mfupa huota hapo.

Kitakachonifanya nifikirie kumrudisha thieta ni mkono kuanza kuwaka tena au kupoteza nguvu, skurubu kuchomoza mbele na kumsumbua kumeza, pingili kutounga baada ya mwaka huku zikiuma, au keji kuendelea kushuka picha hadi picha na shingo kupinda. Milimita 3 zilizosimama hazimo humo. Akianza kushindwa kufunga vifungo vya blauzi, akayumba akitembea, au mkojo ukamtoka bila kujijua, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali ya KCMC siku hiyohiyo. Vivyo hivyo akipata homa na kidonda kikatoa usaha.

Kuhusu maisha ya Mbuyuni. Mkungu wa ndizi kichwani hapana, wala beseni la parachichi, mpaka daktari athibitishe kwamba mfupa umeunga. Kwa kawaida ni kati ya miezi 6 na 12. Mzigo wa kichwani unapita moja kwa moja kwenye ile keji. Kukaa kibandani na kuuza anaruhusiwa, ila meza iinuliwe ili asishinde ameinama akipanga mafungu. Bodaboda kwenye barabara za vumbi za kupanda mlimani aziache kwa sasa, apande daladala. Kola ya shingo, kama aliyemfanyia hakumwagiza, simlazimishi. Akiwa na pleti, faida yake haijaonekana kubwa, na ikivaliwa miezi inadhoofisha misuli. Fiziotherapia laini ni bora zaidi. Maumivu yakimjia asizoee diklofenaki za dukani kila siku: zinatiliwa shaka kwamba huchelewesha mfupa kuunga, na tumbo la umri wake halizipendi. Dagaa na maziwa ale, na akapimwe sukari.

Ukienda naye kliniki ijayo, beba picha zote, hata zile za kabla ya upasuaji, na uombe ripoti ya upasuaji yenyewe. Karatasi ya ruhusa haitoshi. Muulize daktari kwa adabu: uso wa pingili ulibaki mzima pande zote mbili? Kijipembe cha kulia kilikatwa nusu au chote? Keji ina kimo gani? Mbele na nyuma pamepungua sawa? Daktari aliyefanya kazi yake vizuri hachukizwi na maswali hayo, na majibu manne hayo yatakuambia mengi kuliko neno "imezama". Akifikisha miezi 6, aombe eksirei mbili za ubavuni, moja kidevu kikiwa kifuani na nyingine akitazama juu. Zikionyesha pingili ya 5 na ya 6 hazichezi na kimo ni kilekile cha leo, kinachobaki ni picha ya mwaka mmoja. Zikionyesha bado zinacheza au kimo kimepungua zaidi, ndipo CT scan ifanywe, na hapo niandikie tena ukiwa na ripoti yake.